Figo Zangu Hazijaleta Malalamiko

Masjala ya Malalamiko ya Wateja,
Idara ya Maji,
Ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na ngazi.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,
Hospitali Kuu,
Jengo la nyuma, dirisha la pili.

Mheshimiwa,

YAHUSU: OMBI LA KUSAMEHEWA KULETA MKOJO MWINGINE

Pokea heshima zangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako na mashine zenu zote, hata ile iliyonitia matatani.

Mimi ni karani kijana wa Idara ya Maji. Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya wateja, kuyapa namba, kuyafungulia jalada na kuyapeleka yanakostahili. Kisukari ninacho tangu nikiwa mwanafunzi, kile cha kujichoma sindano, na tumezoeana kama wapangaji wa nyumba moja. Hivi karibuni daktari wangu aliniambia kwamba wakati umefika nipimwe mkojo, ingawa siumwi popote, ili ionekane kama figo zimeanza kupitisha ile protini iitwayo albumini, ambayo figo nzima huizuia isitoke na maji machafu. Nilileta mkojo. Jibu likarudi kwamba kiasi kimezidi kidogo.

Mtaalamu wako wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba jibu moja halitoshi. Homa, ugonjwa wa njia ya mkojo, hata kukimbia sana, vyote vinaweza kupandisha kipimo hicho kwa muda. Kwa hiyo nilete mwingine, ule wa kwanza kabisa wa asubuhi, ndipo daktari ajue kama nianze vidonge vya kulinda figo au la.

Huo mwingine, Mheshimiwa, ndio ninaoomba kusamehewa. Sababu zangu nazitaja hapa chini kwa namba, kama tunavyowataka wateja wetu wafanye.

1. Kikopo chenyewe. Ofisini kwetu hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino hufungwa ndani ya bahasha, na bahasha hugongwa neno SIRI. Mkojo wangu, ambao sasa naambiwa una habari zangu nyingi kuliko jalada lolote, ulisafiri barabarani uchi, ndani ya kikopo unachoweza kusomea gazeti upande wa pili. Kwenye foleni yenu nilikutana na mwalimu wangu wa zamani wa hisabati, naye ameshika chake. Shikamoo nilimpa. Mkono tulisameheana. Tukabaki tunatazama dari, naye akaniuliza kama nilifaulu masomo ya juu, nikajibu ndiyo, huku kila mmoja akijitahidi asione rangi ya mwenzake.

2. Hili ni refu, na ninaomba ulisome lote kwa sababu lina kiambatisho.

Siku ya kwanza nilipitia kazini kabla ya kuja kwenu, kwa kuwa dirisha lenu hufunguliwa baada ya mlango wetu. Nilikuwa na kikopo mkononi. Sikutaka kukiweka mezani juu ya majalada ya watu, maana nimelelewa, nikakiweka kwenye trei na kwenda kunawa mikono.

Inakubidi ujue, Mheshimiwa, kwamba wateja wa Idara ya Maji hawaleti barua tupu. Huja na ushahidi. Huleta chupa za maji yenye kutu, maji yenye mchanga, maji yenye viumbe vinavyoogelea. Na katika mapokezi yetu yupo dada mmoja tunayemwita Bi Mhuri, ambaye hugonga mhuri kila kitu kinachokaa kwenye trei ya kuingia. Aliwahi kugonga mkate. Niliporudi kutoka kunawa, trei ilikuwa tupu.

“Si umeweka mwenyewe?” Bi Mhuri aliniambia, hata hakuinua kichwa. “Trei ya kuingia ni ya kuingia, mdogo wangu. Tarishi ameshapanda nayo.”

Nilikimbia ngazi. Kwa fundi wa ubora wa maji nilikuta kimeshatoka. Fundi alisema amekiinua dirishani akakitazama vizuri, na kwa uzoefu wake hiyo ni kutu ya bomba la zamani, tena klorini haijafika kabisa. Nilipofika kwa katibu wa Bosi, kikopo kilikuwa ndani. Siwezi kubisha hodi kwa Bosi bila kuitwa. Nilisimama pale mlangoni nikimsikia anakohoa, nikaomba mambo ambayo sitayaandika hapa.

Kikopo kilitoka salama, kimebanwa karatasi yenye mwandiko wake: “Maji haya ni afadhali kuliko ya mtaa wa kiwandani. Mteja ajibiwe kwamba yako ndani ya viwango. Masjala washughulikie.”

Utauliza, jina langu halikuwa juu ya kifuniko? Lilikuwapo. Lakini jina langu lipo juu ya kila lalamiko linaloingia, kwa sababu mimi ndiye mpokeaji. Na kwa kuwa masjala ni mimi, na mteja pia alikuwa mimi, nilijiandikia barua ya kujijulisha kwamba sampuli yangu iko ndani ya viwango. Nikaisaini. Kisha nikaipokea.

Kufika kwenu, mtaalamu wako alikigeuza kikopo, akakisoma, akaniambia, “Kaka, mkojo huu una mhuri.” Nikasema ndiyo. “Na umekaa juani.” Nikasema kidogo, dirishani kwa fundi. “Kalete mwingine kesho, na usipitie popote.” Nilifanya hivyo, na ni huo wa kesho yake uliotoa jibu baya.

Sasa naomba tupime kwa haki. Mkojo uliopitia kwenye ngazi zote za uongozi umekutwa ndani ya viwango na ofisi halali yenye mamlaka juu ya vimiminika. Mkojo ambao haukupitia popote umekutwa na kasoro. Kati ya hiyo miwili, ni upi umefuata utaratibu? Nakala ya barua ya Idara ya Maji nimeiambatanisha.

3. Vipimo vyenu havisemi kitu kimoja. Kile kijikaratasi cha kuchovya, chenye rangi rangi, kilisema hakuna protini. Mashine ikasema ipo. Mtaalamu wako alinieleza kwamba kijikaratasi hakioni kiasi kidogo, na kwamba ugonjwa wa figo wa wenye kisukari huanzia hasa kwenye kiasi hicho kidogo. Nimemwelewa. Ila kwangu mimi kijikaratasi kina adabu. Kiliona mtu mzima amesimama mbele yake na sindano zake mfukoni, kikanyamaza.

Halafu kuna jambo la kreatinini. Nakiri kwamba asubuhi ya kipimo kile nilikunywa majagi ya maji, kwa kufikiri kwamba albumini ikiwa chache katika maji mengi itapotea kwenye kundi. Nikaambiwa kwamba mashine huilinganisha na kreatinini, taka ya misuli itokayo na mkojo, ambayo nayo hupungua ukinywa maji mengi, hivyo ujanja wa majagi hausaidii. Kumbe mnatutegemea kuwa wajanja tangu mwanzo! Haya ni mahusiano gani, Mheshimiwa, kati ya hospitali na raia?

4. Hapa ndipo penye uzito wa kisheria. Katika masjala yangu hakuna jalada linalofunguliwa bila mlalamikaji. Bomba halichimbuliwi mpaka mteja aje, aandike jina, mtaa na aina ya kero. Figo zangu hazijaandika chochote. Hazijauma, hazijavimbisha miguu, hazijaninyima usingizi. Nimezipa kila nafasi. Hata jana nililala chali nikatulia kabisa, nikazisikiliza, nikasikia redio ya jirani tu. Kwa hiyo mmefungua jalada kwa niaba ya viungo ambavyo havikuwatuma.

Hoja hii nilimweleza mtaalamu wako pale dirishani, nikiwa na hakika kwamba imekamilika. Nikamwambia kwetu bomba halichimbuliwi mpaka mtu alalamike. Akanitazama, akasema, “Ndiyo maana kwetu maji hayatoki, kaka.” Watu wa foleni wakacheka, na mwanamke mmoja akaongeza kwamba kwake bomba limevuja chini kwa chini mpaka ukuta wa jikoni umelala. Naomba mtumishi huyo akumbushwe kwamba wakati ule nilikuwa mgonjwa na sikuwa kazini.

5. Namba tano nimeifuta. Ilikuwa na hasira.

6. Nyumbani kwetu hakukaliki. Sikumwambia mama jibu. Nilimwambia tu kwamba wanataka mkojo mwingine, na ilitosha. Tangu hapo kopo la chumvi limehamia chumbani kwake. Ameanza kunitazama vifundo vya miguu ninapovua viatu, anajifanya anatafuta kijiko chini ya meza. Jana alinibonyeza ugoko kwa kidole, akasubiri kuona kama shimo litabaki, kisha akasema alikuwa anaua mbu.

Dada yangu mdogo, ambaye bado anasoma na kwa hiyo ana muda, ananisimamia mlango wa choo. “Kaka, bomba limepasuka?” anauliza kwa sauti inayofika kwa majirani. “Nikuitie watu wa Idara ya Maji?” Mama anamkemea, “Hebu mwache kaka yako akojoe kwa amani, wewe mtoto!” na kwa kusema hivyo anamaliza amani iliyobaki. Nimefika mahali natamani kwenda haja kazini, lakini kazini yupo Bi Mhuri.

7. Nimesoma kwenye ubao wa matangazo pale penu kwamba wataalamu wanatafuta alama nyingine ndani ya mkojo, za kuonyesha ugonjwa wa figo mapema zaidi, kabla hata albumini haijaanza kupita. Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Mapema kuliko hapa? Mimi mwenyewe bado sijaumwa, na tayari mmeniambia. Mkiendelea kurudi nyuma namna hii mtafika siku moja mpime mkojo wa mtoto mchanga na kumwambia mama yake, “Huyu akiwa karani atatusumbua.” Na mkishamaliza watoto mtarudi kwa mababu. Naomba pawepo mpaka. Napendekeza kwamba mtu asiambiwe ugonjwa wake kabla yeye mwenyewe hajaugundua, kwa heshima tu, kama vile mtu asivyoambiwa amezeeka.

8. Ningependa kuishia namba saba. Lakini nikiacha hii utaona kama nimeficha kiambatisho.

Ninaye mjomba, kaka wa mama, fundi cherehani. Yeye pia ana kisukari, kile cha watu wazima. Kwa miaka mingi hakupimwa mkojo hata mara moja, na figo zake hazikulalamika. Alikuwa mtu wa kucheka. Viatu vilipoanza kumbana aligombana na muuza viatu, akasema siku hizi wanatengeneza vitu vinavyosinyaa. Suruali zilipobana aliketi kwenye cherehani yake akazipanua mwenyewe. Alizipanua kwa ustadi mkubwa, huwezi kuona mshono ulipoanzia. Zikabana tena, akapanua tena. Alituambia kwamba amenenepa kwa sababu ya raha, na sisi sote tulikubali, maana tulikuwa tunapenda raha yake.

Kisha siku moja aliingia dukani kwake akaketi kwenye kiti cha wateja badala ya kiti chake. Alishindwa kuvuta pumzi ya kutosha kusema kwa nini.

Siku hizi anakuja huko kwenu, jengo lililo jirani na lako, kwenye mashine ya kusafisha damu. Anakuja wiki hadi wiki na haruhusiwi kukosa. Mimi ndiye ninayemsindikiza siku ninazopata ruhusa. Ameketi pale na mrija mkononi, ananiuliza, “Mjomba, nani kakushonea shati hilo? Kola imelala,” na mimi natazama mrija.

Hoja yangu ni hii, na naomba uitendee haki hata kama imeandikwa vibaya. Miaka yote ile ya kupanua suruali, mjomba alikuwa mzima. Aliacha kuwa mzima siku alipoambiwa. Kama asingeambiwa, pengine angekuwa bado anapanua. Najua ilivyo kwenye vitabu, nimesoma sayansi na nilifaulu. Najua kwamba figo zilikuwa zinakwisha huku sisi tunasifia mshono. Lakini nikileta kikopo kingine na jibu likarudi lilelile, basi nitakuwa nimeambiwa, na kuambiwa hakurudi nyuma. Nikiacha kukileta, nabaki pale kwenye suruali zinazopanuliwa, mahali ambapo watu bado wanacheka. Naogopa, Mheshimiwa. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa lugha ya kiofisi na haikukubali.

KWA HIYO NAOMBA YAFUATAYO:

(a) Nisamehewe kuleta mkojo mwingine.

(b) Jibu la kwanza lihesabiwe kuwa limepotea. Idara yetu ina uzoefu mkubwa wa kupoteza vitu na iko tayari kuwafundisha watumishi wako bila gharama.

(c) Nipewe cheti kinachosema kwamba figo zangu ni nzima mpaka zenyewe zitakapokanusha kwa maandishi.

(d) Ikiwa (c) haiwezekani, basi nipewe mtu wa kunipokelea jibu. Asome yeye, ajue yeye, na vidonge anywe yeye, mradi mimi nipone.

(e) Ikiwa (d) nayo haiwezekani, nimeanza kuelewa kwa nini.

Naomba radhi kwa urefu wa barua. Unifikishie salamu kwa mtaalamu wa dirishani, na umwambie kwamba lalamiko la mtaa wao sasa lina namba na nimelipeleka juu kwa mkono wangu mwenyewe. Msalimie mlinzi wa geti, ambaye huniita “daktari” kwa sababu ya shati jeupe na sijawahi kumsahihisha. Wasalimie wauguzi wa jengo la jirani, hasa yule mnene anayemwimbia mjomba akimtafutia mshipa. Ukimwona mwalimu wa hisabati kwenye foleni, mwambie mwanafunzi wake anamtakia jibu jema kwa moyo wote. Na mashine pia, salamu zake zipo.

Ni mimi, kwa heshima iliyotimia na ujasiri ambao bado unatafutwa,

Karani,
Masjala ya Malalamiko ya Wateja.

Viambatisho: Barua moja ya Idara ya Maji (ndani ya viwango).

Nakala kwa: Figo ya kulia, kwa taarifa.
Figo ya kushoto, kwa taarifa.

Tanbihi: Mheshimiwa, barua hii nilimsomea mjomba akiwa kwenye mashine, kwa kuwa ni msomaji mzuri na hana pa kukimbilia. Nilimsomea yote, hata namba nane; niliogopa lakini nilisoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Pale penye kanusho la figo alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama mrija. Akaniambia, “Lugha safi sana, mjomba. Sijaona kosa hata moja.” Kisha akanyoosha ule mkono wake ulio huru. “Haya. Na kikopo kiko wapi?”

Kimo ndani ya bahasha hii kubwa ya kaki, kimesimamishwa wima na kufungwa vizuri. Ni cha leo, ule wa kwanza wa asubuhi, na hakikupitia popote. Sikunywa majagi. Mimi mwenyewe niko hapa nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha lako, na sitaondoka mpaka niitwe kwa jina.

Naomba mpime kikopo kwanza. Barua inaweza kusubiri.